Dari la sebuleni linavuja chini ya bafu: tuvunje vigae vyote?

Swali: "Shikamoo fundi. Nyumba yetu ipo Tabata, Dar es Salaam, ni ya ghorofa moja na ina miaka 9. Chini ya bafu la juu, dari la jipsamu la sebuleni limeota doa la kahawia ambalo sasa limefika ukubwa wa sinia. Ukuta wa chumba cha watoto uliopakana na bafu hilo nao unabanduka rangi sehemu ya chini. Maji tunatumia ya tangi lililo juu ya paa. Fundi wa kwanza alipaka silikoni kila kona, tukakaa wiki 3 doa likarudi. Wa pili anataka avunje bafu zima, vigae vyote, kwa shilingi milioni 2 na nusu. Nikubali? Na mtu asiye fundi atajuaje maji yanatokea wapi?"

Marahaba dada yangu, na pole kwa usumbufu. Usikubali kwanza. Huenda mwisho wa kazi hii kigae kikavunjwa kweli, na huenda huyo fundi wa pili akawa ndiye wa kukivunja. Ila mpaka sasa umeniambia doa lina ukubwa gani na fundi anataka fedha kiasi gani, na hakuna kati ya mafundi hao wawili aliyekuuliza jambo ambalo mimi ningeuliza kabla ya kufungua boksi la vifaa: dari linavuja saa ngapi?

Bafuni kuna maji ya aina tatu, na kila moja lina saa zake. Ya kwanza ni maji ya bomba, yanayoshuka kutoka kwenye tangi hadi kwenye koki za shawa. Hayo yamo ndani ya ukuta usiku na mchana, yanasukuma hata mkiwa mmelala, hata mkiwa mmesafiri kwenda kijijini. Ya pili ni maji yanayotoka, yale yaliyokwisha kuogewa yakapita kwenye tundu la sakafuni kuelekea chemba. Hayo hukaa ndani ya bomba lake dakika chache tu baada ya mtu kuoga. Ya tatu ni maji yanayopiga ukuta na kutapakaa sakafuni, yakitafuta mwanya kati ya vigae. Bomba la maji safi likiwa limetoboka, dari litadondosha hata siku ambayo hakuna aliyeoga. Likiwa ni bomba la maji machafu, utaona tone ndani ya muda mfupi baada ya maji kumwagika. Ikiwa ni sakafu, maji hunywewa taratibu na zege, kisha hutokea chini baada ya saa kadhaa, wakati mwingine kesho yake, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Kabla ya chochote, angalia kama kuna taa au waya karibu na doa. Kama ipo, zima breka ya taa za sebule na iache imezimwa mpaka fundi umeme aitazame. Kama shawa yenu ni ile ya kupasha maji kwa umeme papo hapo, izime kwenye breka yake muda wote wa majaribio haya. Tafadhali usiseme "nitakuwa mwangalifu." Maji na umeme havimsubiri mtu awe mwangalifu.

Sasa kuna kuvunja kumoja ambako nakuruhusu leo hii. Jipsamu iliyokwisha kulowa ikawa kahawia haitarudi kuwa nzima, kwa hiyo kata kipande cha mraba katikati ya doa, kama futi moja kwa futi moja, kwa kisu cha kawaida. Weka beseni chini, vaa kitu cha kukinga macho, kisha panda ngazi na tochi. Utaona tumbo la zege na, kwa nyumba nyingi za aina yenu, bomba la plastiki la inchi mbili linalotokeza kutoka kwenye zege na kukata kona kuelekea ukutani. Usiamini kwamba sehemu iliyo juu ya doa ndiyo inayovuja. Maji hutembea juu ya jipsamu, hufuata fremu za dari, na yanaweza kudondokea mita moja au mbili kutoka yalipoanzia. Tafuta sehemu yenye unyevu iliyo juu kuliko zote.

Nikueleze namna ninavyolitazama bomba hilo. Nalifuta likauke kabisa kwa kitambaa. Kisha nachukua tishu ya chooni, nazungushia pete moja juu kabisa, pale bomba linapotokea kwenye zege, na pete nyingine kwenye kiungo cha chini, pale penye elbo. Napaka poda ya mtoto kati ya pete hizo mbili. Halafu namwomba mtu aliye juu amwage ndoo ya maji. Nakaa kimya pale kwenye ngazi, tochi mkononi. Pete ya chini ikilowa huku ya juu ni kavu na poda haijaguswa, kiungo ndicho kibovu, na hiyo ni kazi ya nusu siku. Pete ya juu ikianza kubadilika rangi, na mstari mwembamba ukachora njia kwenye poda ukishuka hadi kwenye elbo, maana yake maji yanapita nje ya bomba, kati ya plastiki na zege. Tone litaning'inia kwenye elbo na kila mtu atailaumu elbo. Nimeona elbo nzima zikikatwa na kubadilishwa mara mbili kwa kosa ambalo halikuwa lao.

Ukishafungua dari, fanya majaribio kwa mpangilio huu, maana ukichanganya utajidanganya.

Kwanza, bafu la juu lipumzike. Ogeni chini, kwa siku mbili kamili. Koki za shawa zimefungwa, lakini maji ya tangi yanaendelea kuingia kwenye mabomba kama kawaida. Siku mbili nazihitaji kwa sababu zege lililolowa huendelea kutoa maji ya zamani, na siku ya kwanza haina ushahidi. Kama siku ya pili jioni bado kunadondoka kwa mwendo uleule, shaka iko kwenye bomba la maji safi. Hapo funga koki inayotoka kwenye tangi. Matone yakipungua na kukoma, umempata. Funga pia koki ya tangi la kusukumia choo wakati wa jaribio hili, maana raba yake ikichoka hupitisha maji kimyakimya na kukuharibia hesabu.

Wenye maji ya moja kwa moja kutoka mtaani hutazama mita: wakifunga koki zote, kigurudumu kidogo cha kwenye mita kikiendelea kuzunguka, kuna mvujo. Ninyi wa tangi hamwezi kuitegemea sana njia hiyo. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa presha ya takriban bari 1, na tangi lenu huenda liko mita 3 au 4 tu juu ya shawa, kwa hiyo mvujo wenu utakuwa wa polepole na hamtausikia ukilia ukutani. Hata kuweka alama kwenye tangi hakusaidii sana: kwa tangi la lita 1,000 lenye upana wa kama mita 1.1, kushuka kwa sentimita 1 ni karibu lita 10 zilizokwisha kwenda. Kama matokeo hayaeleweki, mwite fundi mwenye pampu ya kupimia presha. Anaziba tundu la shawa kwa plagi, anapampu, anafunga, anatazama saa ya presha kwa nusu saa. Mshale ukishuka, bomba linavuja. Ukisimama, ukuta wako uko salama na hakuna sababu ya kuupiga nyundo.

Pili, ikiwa dari limekauka siku zile mbili, jaribu bomba la maji machafu peke yake. Fungua kichujio cha sakafuni, tumbukiza faneli au chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, kisha mimina ndoo mbili za lita 20 moja kwa moja tunduni bila kulowesha sakafu hata kidogo. Mtu awe chini kwenye ngazi na zile tishu zake. Ngoja saa moja.

Tatu, na hili ndilo nalipenda kuliko yote, ni kuifanya sakafu kuwa bwawa. Ziba tundu la kutolea maji kwa kitambaa kilichofungwa ndani ya mfuko wa plastiki, kisukumwe mpaka kikaze, ndani chini ya usawa wa kigae. Jaza maji sentimita 2 hadi 3, yasivuke kizingiti cha mlango. Chora alama ya penseli ukutani kwenye usawa wa maji. Ongeza rangi ya chakula, nyekundu, ili ukiona tone chini usibaki kukisia. Acha saa 24. Milimita moja au mbili zinaweza kwenda na hewa. Zaidi ya hapo, au tone lolote jekundu sebuleni, sakafu imekiri. Ukimaliza usisahau kuchomoa kitambaa kizima, kisije kikateleza na kuziba bomba.

Mwisho kabisa, sakafu ikiwa imepita salama, washa shawa ielekezwe ukutani kwa dakika 20, upande mmoja baada ya mwingine, ukianza na upande uliopakana na chumba cha watoto.

Umenitajia ukuta wa watoto unaobanduka rangi kwa chini, na maelezo hayo yananifanya nishuku sakafu au kona ya ukuta na sakafu kuliko kitu kingine. Bomba la maji safi likivuja ukutani, mara nyingi rangi huvimba kwenye kimo cha koki, au mstari wa unyevu hushuka kutoka hapo. Unyevu unaoanzia chini na kupanda kama sentimita 20 au 30, wenye unga mweupe wa chumvi juu ya plasta, ni maji yaliyolala chini ya vigae yakanywewa na tofali. Naliona mara kwa mara kwenye mabafu ambayo kizuizi cha maji kilipakwa sakafuni tu bila kupandishwa ukutani, au hakikupakwa kabisa. Hata hivyo shaka yangu isikuzuie kufanya majaribio. Mimi niko mbali, maji yako hapo kwako.

Nilijifunza hili kwa gharama ya mtu mwingine. Miaka yangu ya mwanzo kazini, mwenye nyumba alinionyesha ukuta uliolowa nyuma ya shawa. Nikauvunja kuanzia sakafuni hadi kimo cha bega, nikitafuta bomba lililotoboka. Mabomba yote yalikuwa mazima. Mvujo ulikuwa juu kabisa, kwenye nipo, kile kiungo kifupi chenye thredi cha mkono wa shawa, ambapo tepu ilikuwa imezungushwa kinyume na upande wa kukazia, ikajikunja na kutoka kwenye thredi. Ningeufungua mkono ule kwa dakika tano. Vigae vile havikuwa vikiuzwa tena, na mama yule alibaki na ukuta wa rangi mbili. Mpaka leo nikipita mtaa ule naukumbuka.

Basi hapo panafungua mlango wa marekebisho, nami naanza na hilo dogo. Mkono wa shawa ukivuja, huwa unavuja ndani ya ukuta, nyuma ya kile kisahani cha kroma, na pale tu shawa inapowashwa. Ufungue, safisha thredi kwa brashi, zungusha tepu nyeupe kwa mwelekeo uleule wa kukazia. Tepu za madukani mwetu nyingi ni nyembamba, kwa hiyo mizunguko mitatu haitoshi; piga 10 hadi 12, ikivutwa vizuri, bila kufunika tundu. Kaza kwa mkono, malizia kwa spana bila kutumia nguvu za hasira. Ukikaza kupita kiasi, elbo ya shaba iliyo ndani ya plastiki hupasuka, na hapo ndipo kigae kitavunjwa kweli.

Shawa inayodondosha baada ya kufungwa haina uhusiano na doa lako, lakini najua utaniuliza. Ikidondosha dakika chache kisha ikaacha, ni maji yaliyobaki kwenye kichwa chake, iache. Ikidondosha usiku kucha, raba ya koki imekwisha. Weka kikombe chini na upime: lita 1 kwa saa ni lita 720 kwa mwezi, karibu robo tatu ya uniti, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Funga maji, fungua koki ya chini yatoke yaliyobaki, toa mkono wa koki na kava lake, fungua kichwa. Ukikuta raba imechorwa pete ndani, badilisha. Kwa maji ya kisima yenye chumvi, kama ya watu wengi wa Dar es Salaam, tazama na kitako cha shaba ambacho raba hukalia. Kikiwa kimeliwa, raba mpya haitadumu mwezi.

Kiungo cha bomba la maji safi kikivuja ukutani, fungua kigae kimoja au viwili tu mahali penyewe. Mabomba ya kijani au meupe ya kuchomea hayana dawa ya kupaka juu. Kata kipande kibovu, chomea soketi mpya ya kuunganishia bomba. Mashine ya kuchomea iwe imefika nyuzi 260 za Selsiasi, na bomba la milimita 20 likae kwenye moto sekunde 5, bila kulizungusha wakati wa kuliunganisha. Kikubwa ni bomba liwe kavu. Tone moja la maji likibaki ndani hupoza plastiki, kiungo kinashika kwa nje tu, na baada ya miezi utaniandikia tena. Jaribuni presha kabla ya kurudisha plasta, na mpige picha ya mabomba huku mmeweka futi kamba.

Tundu la sakafuni, lile ambalo sisi tunaliita flo trapu, linahitaji subira. Plastiki laini na saruji havishikani. Fundi wa ujenzi alipotoboa zege akapitisha bomba na kujaza saruji pembeni, aliacha mwanya mwembamba kama unywele, na maji yamekuwa yakiupitia kila siku kwa miaka. Kupaka silikoni juu ya kichujio hakufiki huko. Vunja vigae vinavyolizunguka tundu, kama futi moja kila upande, chimbua saruji iliyolegea, kwaruza shingo ya plastiki kwa msasa, ipake gundi ya PVC na uinyunyizie mchanga mkavu ikiwa bado mbichi. Ikikauka itakuwa na meno, na saruji itaishika. Jaza kwa saruji isiyosinyaa. Kisha paka kizuizi cha maji, ukizamisha kitambaa cha nyuzi kuzunguka shingo, mikono miwili, wa pili ukikatisha wa kwanza. Mkono wa kwanza ukauke kabisa kabla ya wa pili.

Kama bwawa limeonyesha sakafu nzima inapitisha, hapo ndipo namuunga mkono fundi wako wa pili kwa sehemu: sakafu ivunjwe, pamoja na mstari mmoja wa chini wa vigae vya ukuta. Kuta nyingine zikiwa zimepita jaribio, usilipie kuvunjwa kwake. Wengi hudhani grauti ndiyo inayozuia maji. Grauti hujaza mwanya tu, na maji huipenya taratibu. Kinachozuia ni kile kizuizi kilicho chini ya kigae, na lazima kipande ukutani angalau sentimita 15, na kwenye eneo la shawa kipande mpaka juu ya kichwa cha anayeoga. Sakafu iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tunduni. Na andika hili kwenye makubaliano yenu: jaribio la bwawa la saa 24 lirudiwe kabla kigae hata kimoja hakijabandikwa. Fundi anayelikataa, mlipe nauli yake aende.

Kona za ukuta na sakafu zipigwe silikoni ya bafuni badala ya grauti, kwa sababu ukuta na sakafu husogea kila kimoja kivyake na grauti hupasuka hapo. Silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Ile aliyokupakia fundi wa kwanza ing'olewe yote, kona zifutwe kwa spiriti, zikauke, kisha ipigwe na kuachwa saa 24 bila maji. Kuna jambo moja zaidi juu ya silikoni ile: ilipopakwa juu ya sakafu iliyolowa, ilifungia maji ndani. Ndiyo maana ulipata wiki 3 za utulivu, maji yakitafuta njia nyingine, na huenda ukuta wa watoto ulizidi kipindi hichohicho.

Usifunike dari wala kupaka rangi mara tu mvujo unapokoma. Zege lililolowa muda mrefu hukauka kwa wiki nyingi, zaidi wakati wa masika. Acha lile tundu la jipsamu wazi, fungua madirisha, na ule unga mweupe wa ukutani uusugue kwa brashi kavu. Ukiuosha, chumvi itarudi ndani. Ukutani kwa watoto, kwangua rangi yote iliyobanduka ili plasta ipumue, na sogeza kitanda chao mbali na ukuta huo usiku wa leo, maana kuvu huanza kabla hujaiona. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa tepu ya gundi pande zote nne, ukifungue baada ya siku mbili. Kikiwa na jasho kwa ndani, ngoja wiki nyingine mbili na ujaribu tena.

Kwa sasa ogeni chini, na kuanzia leo usiku weka daftari karibu na lile beseni. Kila unapoona tone andika saa, nani aliyetumia bafu la juu mara ya mwisho, na matone mangapi kwa dakika moja. Baada ya siku nne niandikie namba hizo, nami nitakuambia ni kigae kipi kianze.